Kibao cha Kwa Eunike

Gladness alikuwa na kazi moja ya asubuhi ambayo haikusubiri mvua wala usingizi, nayo ilikuwa kupeleka maziwa kituoni. Mama yake alikamua ng'ombe kukiwa bado na giza, akayachuja maziwa, kisha akamkabidhi ndoo yenye mfuniko uliolegea. Kwa sababu ya mfuniko huo, Gladness alilazimika kutembea taratibu chini ya migomba mpaka afike barabarani. Siku alizokimbia, maziwa yalimrukia sketi ya shule, na darasani hakuna aliyetaka kukaa karibu naye.

Kituo cha maziwa kilikuwa chumba kimoja chenye paa la bati jekundu, kando ya barabara inayoteremka kutoka Machame. Hapo alifanya kazi kijana aitwaye Denis, mwenye koti jeupe na maneno mengi. Denis alichovya kipimo cha kioo katika kila ndoo. Kipimo kikielea vizuri, maziwa yalipokelewa. Kikizama, ilijulikana kwamba mwenye ndoo ameongeza maji, na Denis alimrudishia maziwa yake mbele ya foleni nzima. Kijiji kizima kiliiogopa aibu hiyo.

Mtu mmoja tu hakupimiwa. Huyo alikuwa Bibi Mektrida, mjane aliyeishi peke yake ng'ambo ya kijito na ng'ombe wake mmoja. Alikuwa akileta maziwa hapo tangu Denis hajazaliwa.

"Maziwa ya bibi huyu nayajua hata nikifumba macho," Denis alizoea kusema, huku akiyamimina moja kwa moja kwenye pipa.

"Shikamoo, bibi," Gladness alimwamkia kila wanapokutana kwenye foleni.

"Marahaba, mjukuu wangu. Kazana, utachelewa namba shuleni."

Basi Alhamisi moja, Mwalimu Filemon, aliyewafundisha Darasa la Sita somo la Maarifa ya Jamii, aliingia darasani na kopo lililojaa vikaratasi. Aliwaambia kwamba uongozi wa kijiji unataka kuweka vibao vya majina katika njia na barabara zote. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Aminieli, ameiomba shule isaidie kukusanya habari za majina hayo, ili zisomwe kwenye mkutano wa wazazi.

"Majina hayakuanguka na mvua," alisema mwalimu. "Kila jina liliwekwa na watu kwa sababu fulani. Nani anaweza kunipa mfano? Hata jina la kitu cha kawaida."

Evelyn, rafiki yake Gladness, alinyoosha mkono. "Mwalimu, bibi yangu nguo za mitumba anaziita kafa Ulaya. Anasema zamani watu waliamini kwamba mwenye nguo amekufa huko Ulaya, ndipo nguo zake zikaletwa huku."

Darasa likaangua kicheko, na kila mtu akamtazama jirani yake shati. Mwalimu naye alicheka, kisha akainua kidole. "Vizuri. Ulimuuliza bibi yako, naye akakujibu. Sasa fikirieni mji wetu wa Moshi. Wako wanaosema jina lilitokana na moshi wa treni, na wako wanaosema jina lilikuwepo kabla reli haijafika. Watu wazima wanabishana mpaka leo. Kwa hiyo nendeni kwa wenye habari, mkaulize wangali hai. Msiniletee ya kubuni."

Kila mwanafunzi akachukua kikaratasi. Gladness alifungua chake akakuta maneno mawili: Kwa Eunike. Alipafahamu mahali hapo. Palikuwa kwenye kona ya njia, pale mfongo unapopita. Mfongo ni mfereji wa maji ambao wazee wa zamani waliuchimba kutoka juu mlimani, na mpaka leo kila nyumba ina zamu yake ya kumwagilia. Mwalimu akamwambia, "Wewe una bahati. Eunike alikuwa mama mkwe wa Bibi Mektrida. Nenda kwake, atakueleza yote."

Jumamosi Gladness aliaga nyumbani kwamba anakwenda kwa Bibi Mektrida. Alitoka na daftari kwapani, na kwa kweli nia ya kwenda alikuwa nayo. Lakini njia ya kwenda kwa bibi iliteremka sana mpaka kijitoni, kisha ikapanda tena, na siku hiyo ilikuwa na utelezi. Kabla hajafika hata nusu, alikutana na Evelyn.

"Unakwenda wapi na madaftari Jumamosi yote hii?" Evelyn alimtania. "Njoo kwetu, kaka ameleta filamu mpya kutoka Moshi mjini. Kwa bibi utakwenda baadaye."

Baadaye hiyo haikufika. Filamu moja ilizaa ya pili, wakala na ndizi za kuchoma, na Gladness alipotazama nje jua lilikuwa limeshaegemea upande wa magharibi. Alirudi nyumbani mbio.

"Umefika kwa Bibi Mektrida?" mama yake alimuuliza.

"Nimefika."

"Hajambo?"

"Hajambo. Anawasalimu."

Salamu zile zilimtoka kirahisi hata mwenyewe akashangaa. Mama yake alitabasamu akasema bibi yule ni mtu mwema sana. Gladness aliingia ndani haraka ili asitazamwe usoni.

Jumapili baada ya kanisa, daftari lilikuwa bado jeupe. Babu yake, Mzee Efraimu, alikuwa amekaa kwenye kiti chake barazani. Babu huyo masikio yalikuwa yamemchoka, na siku hizi hakutoka nyumbani. Gladness alimwinamia sikioni akauliza kwa sauti, "Babu, Eunike wa pale mfongoni alikuwa nani?"

"Eunike?" Babu alifikiri. "Huyo alitozwa mbuzi na wazee wa mfongo. Enhe. Mbuzi mzima!"

Akanyamaza kidogo, akijikohoza ili aendelee. Lakini Gladness hakusubiri. Faini ya mbuzi! Hapo akili yake ilishika moto. Mtu anatozwa mbuzi na wazee wa mfongo kwa kosa gani, kama si kuiba maji? Kila mtoto wa Machame anajua kwamba kufungulia maji shambani kwako wakati wa zamu ya mwenzako ni wizi. Alikimbilia mezani akaandika kurasa mbili bila kuinua kichwa. Aliandika jinsi Eunike alivyokuwa akinyemelea mfongo kwa ncha za vidole, jinsi alivyofunika maji kwa majani ya migomba ili yasisikike, na jinsi wazee walivyomkamata sketi imelowa mpaka kiunoni. Mwisho akaandika kwamba watu walipaita Kwa Eunike ili wamcheke daima.

Kusema kweli, ilikuwa hadithi tamu. Mwalimu Filemon aliisoma Jumatatu huku mabega yakimtikisika kwa kicheko, akampa alama ishirini kati ya ishirini. Kwenye mkutano wa wazazi, Ijumaa, Gladness aliisoma mbele ya watu. Alipofika kwenye sketi iliyolowa, akina baba walipiga makofi na akina mama wakafuta machozi ya kicheko. Mama yake alikaa mstari wa mbele, amejaa fahari. Bibi Mektrida hakuwepo, kwa sababu hakuwa na mtoto shuleni hapo.

Gladness alilala siku ile akijiona mtu mkubwa.

Jumatatu iliyofuata alikwenda kituoni kama kawaida. Bibi Mektrida alikuwa mbele yake watu wawili. Ndoo ya bibi ilipowekwa mezani, Denis aliinua mkono kuimimina kwenye pipa. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Denis, pima hiyo! Kwa Eunike wanapenda maji hao!"

Foleni ikacheka. Denis naye, ambaye kicheko hakikumpita kamwe, akachukua kipimo. "Samahani, bibi, wananchi wamesema." Akakichovya, kikaelea vizuri. "Hebu tena," mwingine akadakia. Denis akakichovya mara ya pili, na watu wakacheka zaidi.

 Bibi Mektrida alisimama na mikono yake miwili ikiwa imeshika kanga, akitazama ile ndoo yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Alipopewa karatasi ya hesabu ya maziwa yake, aligeuka akaondoka, akawapita watu bila kumwamkia yeyote. Gladness aliinama, akajifanya anakaza mfuniko wa ndoo yake.

Siku ya pili ilikuwa vilevile, na kibaya zaidi, mama yake Gladness alikuja naye kituoni kuulizia pumba za ng'ombe. Mama alipomwona Bibi Mektrida alimkimbilia.

"Shikamoo, mama. Tunashukuru kwa salamu. Gladness alituletea ile Jumamosi alipokuja kwako."

 Bibi Mektrida alimtazama Gladness, na kumtazama huko kulichukua muda. Alijua vizuri kwamba hakuna mtoto aliyefika nyumbani kwake Jumamosi ile. Sasa alijua pia kwamba mtoto huyu aliitunga ile hadithi bila kumuuliza.

"Marahaba, mama Gladness," alisema mwishowe kwa upole. "Wote hamjambo nyumbani?"

Ni hayo tu. Hakumuumbua. Gladness angeona afadhali achapwe mbele ya foleni nzima kuliko kufichiwa uongo wake na mtu yuleyule aliyemuumiza. Siku hiyo shuleni hakunywa uji. Hata Evelyn alipomtania kuhusu ile sketi iliyolowa, hakucheka.

Jumatano, Mwalimu Filemon alileta habari darasani. Mwenyekiti amepanga mkutano wa kijiji Jumamosi ili kupitisha majina ya vibao. Majina yote yatabaki, isipokuwa moja. Haifai, amesema mwenyekiti, kijiji kimwekee mwizi kibao. Kwa hiyo Kwa Eunike patabadilishwa jina, paitwe Mtaa wa Maendeleo. Fundi Jesse, mchora vibao, ameshaambiwa asubiri.

"Hadithi yako imefika mbali, Gladness," mwalimu alisema akitabasamu. Gladness aliinamisha kichwa.  Alijiambia huenda alichoandika kilikuwa kweli. Babu si alisema alitozwa mbuzi? Kama ni kweli, basi hana kosa. Alilishikilia wazo hilo njia nzima ya kurudi nyumbani.

Babu alikuwa barazani. Gladness alikaa chini karibu na kiti chake. "Babu, yule Eunike alitozwa mbuzi kwa kuiba maji, siyo?"

"Kuiba!" Babu alishtuka mpaka fimbo yake ikaanguka. "Nani kakwambia kaiba? Kuiba maji Eunike? Weee!"

"Sasa mbona hukuniambia, babu?"

"Ningekuambia wakati gani? Nilikohoa tu, nilipogeuka nikakuta umeshaondoka na daftari lako. Nenda kwa Mektrida. Yeye ndiye aliyekaa na Eunike mpaka anamzika."

Hapo Gladness hakuwa na pa kujificha tena. Siku iliyofuata, baada ya masomo, alichuma jani la isale kwenye uzio wa kihamba chao, lile shamba la migomba linalozunguka nyumba. Wachagga tangu zamani humpelekea jani hilo mtu waliyemkosea, na aliyeletewa hawezi kukataa kusamehe. Akateremka ile njia ya utelezi, akavuka kijito, akapanda mpaka mlangoni kwa Bibi Mektrida. Bibi alikuwa akikata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo umefika."

Gladness alimpa lile jani kwa mikono miwili, na machozi yakatangulia maneno. Alieleza yote: filamu, salamu za uongo, mbuzi, daftari. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akalipokea jani, akaliweka juu ya dirisha.

"Mimi nimekusamehe," alisema. "Jani hili lingetosha kama ungekuwa umenikosea mimi tu. Lakini mimi ndoo yangu ikipimwa mara mbili, najua maziwa yangu ni mazuri, narudi nyumbani nalala. Eunike je? Yeye amelala pale nyuma ya mibuni. Nani atamsemea?"

"Bibi, alifanya nini hasa?"

Bibi Mektrida aliweka panga chini akakaa kwenye kigoda.

"Mimi sikuona, maana nilikuja hapa kuolewa, natoka Kibosho, mambo yale yameshapita. Lakini alinieleza mwenyewe mara nyingi. Ilikuwa masika, kabla ya Uhuru. Wanaume wote walikuwa wameteremka tambarare kwenye mashamba ya mahindi. Asubuhi, pale kwenye kona, ukingo wa mfongo ukabomoka. Maji yote yakageuka kuelekea nyumba iliyokuwa chini ya njia. Ndani mlikuwa na mama aliyejifungua juzi yake, hawezi kutembea. Sasa, zamani hizo, mwanamke hakuruhusiwa kugusa mfongo. Ulikuwa mwiko. Wanawake wengine walisimama pembeni wanapiga kelele. Eunike akaingia."

"Ndani ya maji?"

"Ndani ya maji. Akakata migomba, akaziba nayo pale mahali palipobomoka, akajaza udongo, na pale udongo ulipokataa kushika akaweka mgongo wake mwenyewe. Unajua maji yale yanatoka wapi, na baridi yake. Alisimama humo tangu asubuhi mpaka wanaume waliporudi jioni. Tangu siku ile mguu wake mmoja haukunyooka tena mpaka kufa."

"Halafu wakamtoza mbuzi?" Gladness alihamaki.

"Wakamtoza. Alikuwa amevunja mwiko, na wazee wa mfongo walikuwa na sheria zao. Akatoa mbuzi, hakubishana. Lakini wazee haohao, mwaka uliofuata, walipokuwa wakigawana kazi ya kusafisha mfongo, walisema, wewe anzia huku, wewe ishia pale kwa Eunike. Jina likakaa. Hawakumwomba radhi kwa mdomo, mjukuu wangu. Jina lile ndiyo radhi waliyompa."

Gladness alilia tena, safari hii kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kumwona. Ile sketi iliyolowa aliyowachekeshea watu ilikuwa imelowa kweli, kwa sababu ya kuokoa mama na kichanga. Na keshokutwa jina hilo, radhi pekee ambayo Eunike aliwahi kupewa, lingefutwa kwa sababu yeye aliona uvivu kuvuka kijito.

"Nitamwambia mwalimu," alisema.

"Mwambie. Lakini uliyasema mbele za watu. Ukimnong'oneza mwalimu peke yake, wale waliocheka wataendelea kucheka."

Ijumaa Gladness alimfuata Mwalimu Filemon ofisini. Alipomaliza kueleza, mwalimu alivua miwani.

"Kosa si lako peke yako," alisema. "Mimi nilikupa ishirini kwa ishirini bila kukuuliza umezungumza na nani. Nilifurahia kucheka. Kesho nitakuombea nafasi ya kusema, na mimi nitasimama kando yako."

Jumamosi watu walijaa mbele ya ofisi ya kijiji. Ajenda ya vibao ilipofika, Mzee Aminieli alianza kusoma, "Njia ya mfongoni, iliyokuwa ikiitwa Kwa Eunike..." Mwalimu Filemon akanyoosha mkono akaomba mwanafunzi wake asikilizwe. Watu walipomwona Gladness wakaanza kutabasamu mapema, wakidhani watachekeshwa tena. Mama yake pia alitabasamu.

 Gladness alimwona Denis amesimama karibu na mlango, na nyuma kabisa, Bibi Mektrida na kanga yake.

"Shikamooni," alisema. "Ile hadithi niliyosoma kwenye mkutano wa wazazi ni ya uongo. Niliitunga. Nilitumwa kwa Bibi Mektrida sikwenda, nikaenda kutazama filamu. Mama, na zile salamu pia nilizitunga."

Tabasamu la mama lilizimika. Hilo ndilo lililomuuma Gladness kuliko macho yote ya kijiji, lakini hakunyamaza. Alieleza habari ya masika ile, ya ukingo uliobomoka, ya mama aliyejifungua, na ya mgongo wa Eunike. Hakuongeza kitu. Alipofika kwenye mbuzi, hakuna aliyecheka.

 Mzee Aminieli aliikunja karatasi yake polepole. "Huyo mbuzi," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "baba yangu alikuwa mmoja wa waliomla. Aliwahi kutuambia habari hii nikiwa mdogo, na mimi, mtu mzima na akili zangu, niliposikia ya kuchekesha nikaisahau ya kweli. Bibi Mektrida, kijiji kinakuomba radhi."

Waliposimamishwa kupiga kura, mikono yote iliinuliwa kwa jina la Eunike. Denis alipenya katikati ya watu mpaka kwa bibi, akainama akamshika mikono. Alisema maneno ambayo wengine hawakuyasikia, na kwa mara ya kwanza hakutia utani ndani yake.

Nyumbani, mama hakumpiga Gladness. Alimwambia tu, "Uliponiletea zile salamu nilifurahi sana," kisha akaenda kukata majani. Gladness alichukua mundu akamfuata. Walifanya kazi muda mrefu bila kuzungumza, mpaka mama mwenyewe akamwita aje wabebe mzigo pamoja.

Wiki iliyofuata fundi Jesse alikichimbia kibao pale konani, chenye maandishi meupe: KWA EUNIKE. Darasa zima la Sita lilikuwepo, na watoto wadogo wengi waliovutiwa na harufu ya rangi. Bibi Mektrida alisimama karibu na mfongo, mkono mmoja begani kwa Gladness.

"Nisikilizeni nyote," Bibi Mektrida alisema. "Kila jina mnalolikuta lina mwenyewe. Usipojua habari yake, sema sijui, kisha nenda ukaulize. Kusema sijui hakumdhuru mtu. Lakini ukijaza pengo kwa uongo, hata uwe mtamu namna gani, kuna mtu utamwangukia, na pengine mtu huyo hawezi tena kuamka ajitetee. Na ukishakosea, usikae na kosa lako. Lirudishe palepale ulipolitoa, kama alivyofanya mwenzenu."

Mtoto mmoja wa Darasa la Kwanza, ambaye hakuwa amesikia lolote zaidi ya neno moja la kwenye kibao, alimvuta Gladness sketi.

"Dada, Eunike ni nani?"

Gladness alimtazama bibi, naye bibi akamwashiria kwa kichwa aeleze yeye. Basi akachuchumaa, akamsimulia mtoto yule tangu mwanzo, ukingo ulipobomoka, mpaka Eunike alipotoka majini jioni na mguu mmoja usionyooka tena. Mtoto alisikiliza kwa mdomo wazi.

"Na yule mtoto mchanga, alikuwa nani? Alikuja kuwa mkubwa?"

Watoto wote walisogea karibu kusikia jibu. Gladness alifungua mdomo, kisha akaufunga.

"Hilo silijui," alisema. "Ngoja tumuulize bibi."